Phalaris mtawala au Phalaris nyasi: uchague ipi?

Ukiandika neno Phalaris kwenye intaneti utaletewa mambo mawili yasiyohusiana kabisa. La kwanza ni mtawala wa mabavu aliyeushika mji wa Akragas, kisiwani Sisilia, kuanzia mnamo mwaka 570 KK hadi 554 KK. La pili ni jenasi ya nyasi yenye spishi takriban 20, ambayo Carl Linnaeus aliiorodhesha mwaka 1753. Ukisikia kwamba nyasi hizo ziliitwa hivyo kwa kuwa zina sumu na mtawala naye alikuwa katili, usikubali. Wagiriki wa kale walikuwa na nyasi waliyoiita kwa jina hilo, na Linnaeus aliokota jina la mmea, si la mtu.

Sasa mtu mwenye muda mchache aanze na ipi? Nitoe msimamo wangu mapema. Mwenye kondoo, shamba la ngano au ndege wa tunduni achague nyasi, tena asichelewe, kwa sababu kuna mambo humo yanayoweza kumgharimu mifugo. Anayependa historia, au anayetaka kujua jinsi maandishi ya kughushi yanavyoweza kuaminiwa karne nyingi, achague mtawala. Na asiye na shamba wala mfugo, ambaye jina tu limemvutia, nitamwelekeza kwa mtawala pia, ingawa si kwa sababu ya kile kisa cha fahali wa shaba ambacho kila mtu hukikimbilia.

Mtawala

Akragas, ambayo leo ni Agrigento, ilikuwa bado changa Phalaris alipoinyakua. Wagiriki kutoka Gela waliianzisha mnamo 580 KK, kwa hiyo mji haukuwa umetimiza hata kizazi kimoja. Namna alivyoingia madarakani imesimuliwa na Polyaenus, mwandishi wa karne ya 2 BK. Wananchi walitaka kujenga hekalu la Zeus juu ya ngome kwa gharama ya talanta 200. Phalaris akachukua kandarasi hiyo, akaajiri wageni wengi na kununua wafungwa, kisha akalalamika kwamba vifaa vya ujenzi vinaibwa. Wananchi wakamruhusu aizungushie ngome ukuta. Ukuta ulipokamilika, aliwafungua wafungwa wake, akawapa mawe na mashoka, akawavamia watu wakiwa kwenye sikukuu.

Kisa hicho kiliandikwa karne nyingi baada ya tukio, na kimenyooka mno kiasi cha kutia shaka. Lakini kiini chake kinakubaliana na Aristotle, aliyeandika katika karne ya 4 KK kwamba Phalaris alipata udikteta kupitia cheo alichokuwa nacho tayari. Hakuja na jeshi kutoka nje. Alikabidhiwa madaraka kihalali, halafu hakuyarudisha.

Aristotle ana habari nyingine ambayo kwangu ndiyo nzuri kuliko zote zinazomhusu mtu huyu. Anasema watu wa mji wa Himera walimchagua Phalaris kuwa jemadari mwenye mamlaka kamili, wakawa wanajadili kumpa walinzi wa kumzunguka. Mshairi Stesichorus akasimama akawapa hadithi. Farasi alikuwa na malisho yake peke yake, akaja paa akamharibia. Farasi akaenda kwa binadamu kuomba msaada wa kumwadhibu paa. Binadamu akakubali, kwa sharti kwamba farasi atiwe lijamu kinywani na yeye apande mgongoni na mikuki yake. Farasi akakubali. Badala ya kulipiza kisasi, akawa mtumwa. Stesichorus akawaambia: lijamu mmekwisha kutiwa mlipomchagua jemadari, mkimpa na walinzi, atakuwa amepanda mgongoni.

Fahali wenyewe habari yake ni hii. Fundi mmoja aitwaye Perilaus alimtengenezea Phalaris sanamu ya fahali, ya shaba, yenye uwazi ndani na mlango ubavuni. Mtu anatiwa humo, moto unawashwa chini, na filimbi zilizowekwa puani mwa sanamu zinageuza mayowe yake yawe kama mlio wa ng'ombe. Inasemekana Perilaus ndiye aliyekuwa wa kwanza kutiwa ndani, kwa amri ya Phalaris, na kwamba Phalaris mwenyewe aliishia humo humo alipopinduliwa na Telemachus.

Je, ni kweli? Hapa inabidi kupima mashahidi. Mshairi wa Kigiriki Pindar, katika utenzi wa mwaka 470 KK, anamtaja Phalaris kuwa mtu asiye na huruma aliyechoma watu ndani ya fahali wa shaba. Huo ni umbali wa takriban miaka 80 baada ya utawala wake, muda ambao wajukuu wa walioshuhudia wangeweza bado kuwa hai. Kwa hiyo fahali hakutungwa na waandishi wa baadaye wenye kupenda vioja. Upande mwingine, mwanahistoria Timaeus, mwenyeji wa Sisilia, alibisha kuhusu sanamu iliyokuwa ikioneshwa, na mwanahistoria mwingine, Polybius, akamshambulia kwa ubishi huo. Wapo walioandika kwamba watu wa Karthago waliichukua sanamu hiyo walipoteka Akragas mwaka 406 KK, na kwamba jemadari wa Kirumi Scipio Aemilianus aliirudisha baada ya Karthago kuangushwa mwaka 146 KK. Mimi naona uchomaji wa watu unaweza kuwa wa kweli. Filimbi za puani na fundi anayekuwa wa kwanza kufa vina harufu ya hadithi iliyopambwa ili msikilizaji apate haki yake mwishoni.

Kinachonifanya nimpendekeze mtawala ni barua zake.

Zipo barua 148 zilizobeba jina lake. Ndani yake Phalaris si katili tu. Ni mtu msomi, mkarimu kwa rafiki, mwenye majuto, anayeandika kwa washairi na waganga. Mwaka 1690 Sir William Temple, mwanadiplomasia wa Uingereza aliyestaafu, alizisifu kuwa miongoni mwa maandishi bora ya kale, akasema ni mtawala halisi tu angeweza kuandika kwa ujasiri ule. Sifa hizo ziliamsha hamu, na mwaka 1695 kijana wa Oxford, Charles Boyle, akazichapisha upya. Katika utangulizi alimchoma Richard Bentley, mtunzaji wa maktaba ya mfalme, kwa kutokuwa muungwana katika suala la kuazima mswada mmoja.

Bentley alijibu mwaka 1697, kisha kwa urefu zaidi mwaka 1699. Hakujibu kwa matusi peke yake, ingawa hayakukosekana. Alizichukua barua moja baada ya nyingine na kuuliza vitu vilivyotajwa humo vilianza lini kuwapo. Barua moja inataja mji wa Phintia. Mji huo ulianzishwa na mtawala Phintias mnamo karne ya 3 KK, yaani karibu miaka 300 baada ya Phalaris kufa. Barua nyingine inataja zawadi ya vikombe vya aina ya Thericles. Thericles alikuwa mfinyanzi wa Korintho aliyeishi wakati wa Aristophanes, mtunzi wa tamthilia wa Athene, zaidi ya karne moja baadaye. Phalaris angetoaje zawadi vikombe ambavyo mfinyanzi wake hajazaliwa? Zinatajwa tamthilia za tanzia wakati sanaa hiyo ilikuwa bado haijaanza kuoneshwa Athene. Zankle na Messana zinatajwa kama miji miwili, kumbe ni mji mmoja uliobadilishwa jina baada ya Phalaris kutoweka. Na lugha yenyewe ni Kigiriki cha Athene, hali Akragas ilikuwa mji wa Wadoria, Wagiriki wenye lahaja yao, na fedha zinahesabiwa kwa kipimo cha Athene.

Hoja hiyo ya lahaja mzungumzaji wa Kiswahili anaielewa bila kufundishwa. Tukioneshwa barua inayodaiwa kuandikwa na mzee wa Lamu wa karne ya 18, halafu tukute imejaa Kiunguja sanifu cha vitabu vya shule, tungeshtuka kabla ya kufika aya ya pili.

Marafiki wa Boyle waliendelea kumdhihaki Bentley, na kwa wasomaji wengi wa wakati ule ilionekana yeye ndiye aliyeshindwa kwa kuwa wenzake waliandika kwa ucheshi zaidi. Lakini hoja zake hazikupata jibu, na hazijapata mpaka leo. Barua zile ziliandikwa karne nyingi baada ya Phalaris, na mtu aliyejua ufasaha kuliko historia. Ninapenda kazi ya Bentley kwa sababu haikuhitaji siri wala ugunduzi wa ardhini. Alitumia vitabu vilivyokuwa wazi kwa kila mtu, akavisoma kwa makini kuliko wenzake.

Nyasi

Ukizishika mkononi, Phalaris zinatambulika kwa suke. Suke la Phalaris canariensis ni fupi na nene, lina umbo la yai, na limepangwa vigamba vyeupe vyenye mstari wa kijani pembeni. Mgongo wa kila kigamba umetoka nje kama ubawa mwembamba. Fungua kigamba uone punje moja, laini, ngumu, inayong'aa. Mgongo wenye ubawa na punje inayong'aa vitakusaidia shambani kuliko picha nyingi.

Lakini kosa kubwa ni kuzichukulia spishi hizi kana kwamba ni kitu kimoja. Nne ndizo zinazokutana na watu mara kwa mara, na kila moja ina tabia yake.

Phalaris aquatica ni ya kudumu, asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, na Australia ndiko ilikopata umaarufu kama malisho. Mizizi yake huenda chini sana, na kiangazi kikali kikija hulala kwenye machipukizi ya shinani, mvua zikirudi huamka. Mfugaji wa kondoo anaipenda kwa hilo. Tatizo linatokea pale pale kwenye kuamka. Majani machanga yanayochipua haraka baada ya ukame huwa na alkaloidi nyingi, yaani kemikali za mimea zenye sumu, za kundi la triptamini. Kondoo aliyezila kwa muda huanza kutikisa kichwa, miguu inakakamaa, anajaribu kukimbia anaruka kama sungura, kisha anaanguka na kutetemeka. Ukimwacha atulie, huweza kuinuka akatembea kama mzima, mpaka atakaposhtuliwa tena. Dalili zinaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya kondoo kuondolewa kwenye malisho hayo, na hapo wengi hutafuta chanzo mahali pasipo.

Kobalti, aina ya madini, huzuia ugonjwa huu wa kuyumbayumba. Wafugaji wa Australia huwapa kondoo kwa kidonge kizito kinachokaa tumboni na kuyeyuka polepole, au kwa dawa ya kunywesha, kwa sababu udongo wa sehemu nyingi za huko hauna kobalti ya kutosha. Zingatia neno huzuia. Kondoo ambaye ubongo na uti wake wa mgongo umekwisha kudhurika hatibiwi nayo. Tena kobalti haizuii vifo vya ghafla, ambavyo ni jambo jingine linalosababishwa na nyasi hizo hizo: kondoo wanaingia malishoni na njaa, na ndani ya siku moja au mbili baadhi wamekufa. Ndiyo maana inashauriwa kutowaingiza wakiwa na njaa kwenye machipukizi mapya. Shirika la utafiti la Australia, CSIRO, lilizalisha aina zenye triptamini kidogo, kama Sirosa na Sirolan, na zimepunguza kuyumbayumba. Hazijaondoa kila hatari.

Phalaris arundinacea nayo ni ya kudumu, ndefu, hufika mita 2, na inapenda kando ya mito na mabwawa. Shina lake hutambaa chini ya udongo na kuchipua mbali na mama. Ufini na Uswidi wameilima kwa ajili ya kuchomwa kama nishati: huiacha ikauke shambani majira yote ya baridi na kuivuna masika, ikiwa imepoteza maji na baadhi ya madini yanayosumbua tanuri. Marekani, kinyume chake, watunzaji wa maeneo ya chepechepe wanaihesabu adui, maana huziba kila nafasi na kufukuza mimea mingine. Ipo aina ya bustanini yenye mistari myeupe kwenye majani. Ni nzuri kwa macho, ila usiipande karibu na kijito.

Phalaris minor hakuna anayeipanda kwa hiari. Ni gugu la ngano, na katika majimbo ya Punjab na Haryana, India, limeleta maafa. Linapoota halitofautishiki kirahisi na ngano. Mwenye jicho la shamba huangalia sehemu ya chini ya shina, ambapo gugu mara nyingi huwa na wekundu. Mkulima anayepalilia kwa mkono anaweza kung'oa ngano akaacha adui. Kwa zaidi ya miaka 10 dawa iitwayo isoproturoni ilitosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaacha kuua. Gugu lilikuwa limejenga usugu kwa kunyunyiziwa dawa ileile msimu baada ya msimu kwenye mashamba ya mpunga na ngano, bila kubadilisha mazao. Wapo wakulima waliokata ngano mbichi wakawapa ng'ombe, kwa kuwa hapakuwa na cha kuvuna. Dawa mpya zilipokuja, gugu likaanza kuzizoea nazo. Kilichosaidia zaidi ni kupanda mapema bila kulima, ili mbegu zilizolala chini zisiletwe juu, na kuingiza mazao mengine kama miwa au majani ya mifugo kwenye mzunguko.

Phalaris canariensis ndiyo ya ndege, na hiyo haina mengi. Ni zao la msimu mmoja. Kanada, hasa mkoa wa Saskatchewan, ndiyo muuzaji mkubwa. Punje zake ndizo zile ndogo, ndefu, za rangi ya majani makavu, katika chakula cha chiriku wa tunduni. Zina protini ya karibu asilimia 20, kuliko ngano, na hazina gluteni. Lakini maganda ya aina za kawaida yana vinyweleo vya silika vinavyowasha ngozi na koo. Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilizalisha aina isiyo na vinyweleo, na katika miaka ya 2010 Kanada na Marekani ziliikubali iwe chakula cha binadamu. Kwa hiyo usisage uji kutoka kwenye mfuko wa chakula cha ndege kwa kusikia kwamba punje hizi zina protini. Ile iliyoruhusiwa na ile ya mfukoni si lazima ziwe moja, na mfuko wa ndege haukuandaliwa kwa mtu kula.

Ukiziweka bega kwa bega

Kwa upande wa madhara, mtawala ameshapita na nyasi zipo. Fahali wa shaba hawezi kukudhuru. Kondoo 30 walioingizwa kwenye machipukizi ya Phalaris aquatica wakiwa na njaa wanaweza kukuliza kesho asubuhi. Mwenye mifugo hana sababu ya kusitasita.

Kwa upande wa ushahidi hali ni tofauti. Kuhusu nyasi, jambo likibishaniwa, linapelekwa shambani au maabara: unawapa nusu ya kundi kobalti, nusu huwapi, unaangalia. Kuhusu mtawala, tulichonacho ni watu waliosema baada yake, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kusema. Pindar alikuwa akimsifu mtawala mwingine wa Sisilia, Hieron, na alimhitaji Phalaris awe mfano wa ubaya. Ugumu huo ndio unaomfanya Phalaris wa Akragas kuwa somo zuri kwa yeyote anayepokea kila siku habari zilizosambazwa na watu asiowajua.

Kwa mkulima wa Afrika Mashariki niseme moja kwa moja. Phalaris ni nyasi za nchi baridi. Ukanda wa joto, kuanzia Tanga hadi Tabora, hazitashindana na matete wala nyasi za Rhodes, ambazo mbegu au vipando vyake unapata kwa jirani na sumu hii haimo. Kwenye nyanda za juu zenye ubaridi, anayeshawishiwa kuzijaribu aulize kwanza ni spishi gani, aina gani, na kama udongo wake una kobalti. Muuzaji akijibu "Phalaris tu", usinunue.

Aliyechagua mtawala asianze na barua. Asome kwanza habari ya Stesichorus na farasi katika Aristotle, kwa sababu ni fupi na ndiyo iliyo karibu zaidi na siasa yenyewe. Kisha mistari michache ya Pindar, kisha Polyaenus akijua kwamba ni mwandishi wa mbali. Barua zije mwisho, zisomwe na penseli mkononi, kila mji, sarafu na chombo kinachotajwa kiwekewe alama na kuulizwa kilianza lini. Bentley afunguliwe baada ya hapo tu. Msomaji makini atakuwa amekwisha kukamata makosa mawili matatu peke yake.